Jibu: Namna ya kulipata kundinyota la Nyavu kati ya Suheli na Akhiri Nahari

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba umetoka nje usiku wa tatu mfululizo kulitafuta kundinyota la Nyavu, ambalo kwa Kilatini huitwa Reticulum, na kwamba programu ya simu inakuonyesha umbo zuri la tiara huku anga lenyewe likiwa kama halina kitu mahali hapo. Unauliza kama kasoro iko kwenye macho yako au kwenye simu. Macho yako ni mazima, na simu nayo haikudanganyi sana, ila inazichora nyota kubwa kuliko zilivyo, na ile mistari inayoziunganisha haipo angani. Mimi nilihangaika na kundi hili kwa karibu majuma mawili, na siku nilipolipata ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nikilitafuta lenyewe moja kwa moja, badala ya kupima kwanza mahali pake kwa nyota mbili ambazo hakuna mtu anayeweza kuzikosa.

Nyota ya kwanza ni Suheli (Canopus), ambayo ni ya pili kwa kung'aa katika anga la usiku baada ya Shira (Sirius). Ukishaiona Shira, shuka moja kwa moja upande wa kusini kiasi cha nyuzi 36 utaikuta. Ya pili ni Akhiri Nahari (Achernar), nyeupe yenye ubuluu, iliyo mwisho wa kundinyota la Nahari na isiyo na mshindani katika eneo lake. Baina ya hizi mbili pana nyuzi zipatazo 39. Nyoosha mkono wote mbele yako, tandaza vidole, na kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho utapata takriban nyuzi 20. Kwa hiyo nyota hizo zimetengana kwa shubiri mbili. Nyavu iko pale shubiri ya kwanza inapoishia na ya pili inapoanzia, na sisemi kwamba iko jirani na mstari huo, bali mstari wenyewe unapita ndani yake.

Shubiri hupinda, hasa mkono ukichoka, kwa hiyo nilikuja kutumia kamba ya kiatu. Nilifunga fundo katikati yake, nikaishika kwa mikono miwili iliyonyooshwa hadi ncha moja ikagusa Suheli na nyingine ikagusa Akhiri Nahari, kisha nikafumba jicho moja. Fundo lilifunika nyota ambazo nilikuwa sijaziona kwa majuma mawili. Inachekesha kidogo mtu akikutazama, lakini sijapata chombo bora zaidi kwa kazi hii.

Sasa nikueleze kosa lililonichelewesha, kwa sababu nahisi ndilo linalokusumbua nawe. Ukitoka Suheli kuelekea Akhiri Nahari, nyota ya kwanza ya kuvutia macho si ya Nyavu, bali ni Alfa, yaani nyota kuu, ya kundinyota jirani la Panji (Dorado), iliyo kama nyuzi 16 tu kutoka Suheli na nyuzi tano hivi kaskazini ya mstari. Mwangaza wake kwa kipimo cha wanaanga, ambacho namba ikiwa ndogo nyota hung'aa zaidi, ni 3.3, na Alfa ya Nyavu nayo ni 3.3, hivyo kwa macho matupu huwezi kuzitofautisha kwa mng'ao. Nilijaza kurasa mbili za daftari nikiichora Alfa ya Panji na kuipa jina lisilo lake, huku nikilaumu mawingu kwamba yameficha nyota nyingine tatu. Kipimo cha kuepuka kosa hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, ambalo katika usiku wa giza huonekana kama kipande cha moshi kilichosimama: Alfa ya Nyavu iko kiasi cha nyuzi kumi kutoka katikati ya wingu hilo, yaani upana wa ngumi moja mkono ukiwa umenyooshwa. Ikiwa nyota uliyoishika iko mbali na wingu kwa ngumi moja na nusu au zaidi, umeshika ya Panji.

Kuhusu umbo, simama ukielekea kusini wakati kundi liko juu kabisa, Suheli ikiwa kushoto na Akhiri Nahari kulia. Alfa itakuwa chini kidogo ya mstari. Juu yake wima, kwa nyuzi tatu hivi, iko Epsiloni. Kulia kwa Alfa na juu kidogo iko Delta. Na chini zaidi upande wa kulia iko Beta, yenye mwangaza wa 3.8. Hiyo ndiyo tiara yote, nyembamba na iliyolala kiubavu, na pembe zake za mwisho, Epsiloni na Beta, zimetengana kwa chini ya nyuzi saba. Katika darubini yangu ya macho mawili ya 7×50 (inayokuza mara saba, yenye lenzi za milimita 50) inaenea yote, ukingo kwa ukingo, bila nafasi ya kubaki. Kwa 10×50 niliyoazima mara moja, pembe moja ilikuwa inatoka nje kila nilipoingiza nyingine. Usitazame umbo tu, tazama na rangi pia: Alfa ina umanjano, Beta na Epsiloni zina rangi ya chungwa, na Delta pamoja na jirani yake Gama ni majitu mekundu, yaani nyota kubwa mno zenye wekundu, yaliyokaribiana kwa chini ya nyuzi moja. Sijui kundi jingine dogo kiasi hiki ambalo nyota zake kuu zote zina rangi za joto namna hiyo.

Jina lenyewe si la wavu wa kuvulia. Mwanaanga Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille, aliyepima nyota zipatazo elfu kumi akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 na 1752, aliliita hivyo kwa heshima ya kifaa kidogo cha umbo la rombasi kilichokuwa ndani ya darubini yake. Aliiacha darubini imetulia, anga likazunguka, akaandika wakati nyota inapoingia ndani ya rombasi na wakati inapotoka. Katikati ya nyakati hizo mbili palimpa mahali pa nyota kwa upande wa mashariki na magharibi. Na urefu wa muda iliokaa ndani, kwa kuwa rombasi ni pana katikati na nyembamba mwisho, ulimpa mahali pake kwa upande wa kaskazini na kusini. Nikilitazama kundi hili huwa naona kile kifaa zaidi kuliko ninavyoona tiara.

Muda unaofaa ni mwanzoni mwa Januari karibu saa tatu usiku, au katika nusu ya pili ya Novemba karibu saa sita usiku, ndipo linapofika juu kabisa. Ukiwa kwenye ikweta litakuwa nyuzi 30 tu juu ya upeo wa kusini, kwa hiyo taa yoyote ya upande huo italimeza. Ukiwa nyuzi 30 kusini ya ikweta litapanda hadi nyuzi 60 na kazi itakuwa rahisi mno. Mwezi ukiwa zaidi ya nusu, usijisumbue. Na hiyo simu, ndugu yangu, izime kabisa kwa nusu saa kabla ya kutazama, kwa maana kioo chake kimoja kinatosha kufuta giza ambalo macho yako yamelikusanya.

Ukishaishika tiara, usiondoke kabla ya kuitafuta Zeta. Toka Alfa, pita Gama, endelea kwa mstari ule ule upande wa magharibi nyuzi tatu na nusu hadi Kapa, kisha zaidi ya nyuzi moja mbele utakuta nyota mbili zilizosimama pamoja. Zote mbili zinafanana na Jua letu na ziko umbali wa miaka ya nuru 39 hivi. Wengi wamezisikia kupitia madai ya Betty Hill na mumewe, Wamarekani waliosema walitekwa na wageni wa anga mwaka 1961, wageni ambao baadaye walihusishwa na nyota hizi, madai ambayo mimi siyapi uzito wowote. Jozi yenyewe inanitosha. Pengo lao ni kama sehemu ya sita ya upana wa Mwezi, na mwenye macho makali katika giza la kweli huzitenganisha bila chombo. Mimi sijaweza, nahitaji ile 7×50. Ukizipata, tuandikie ni ipi uliyoiona kuwa hafifu, ya mashariki au ya magharibi. Ukisema ya magharibi, nitajua umezipata hasa.