Usiache dawa zote juu ya mimba
Dada, umeuliza kama mwenye rimatisimu ya kuvimbisha viungo anaweza kubeba mimba, ndiyo anaweza, dada yangu hapa Kadutu, mu Bukavu, alizaa nayo, asubuhi vidole vilikuwa vinakazana mpaka kufunga kitenge ni shida. Yenye kuletea mutoto hatari sana sana ni ugonjwa wenye haujatulia, anaweza kuzaliwa mbele ya wakati ao na kilo kidogo, njo maana usiache dawa zote kwa woga. Kati ya dawa za rimatisimu, metotreksati ndiyo ya kuacha, miezi 3 hivi mbele ya kutafuta mimba, ona muganga akubadilishie, hidroksiklorokini na sulfasalazini zinaweza kuendelea. Ibuprofeni, dawa ya maumivu, kuanzia wiki ya 20 ya mimba hapana. Na ukishazaa jiangalie sana, maumivu inarudiaka miezi ya kwanza, tafuta mwenye kukubebea mutoto.