Maswali yenu: arosto, dozi iliyozidi na kuacha ghafla

Mdogo wangu anavuta unga (heroini). Tukimfungia chumbani wiki nzima, si atapona?

Arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea kilevi unapokikosa, kwa heroini huanza saa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho: miayo, kamasi, jasho, malaika kusimama, tumbo kukata, kuharisha. Hutulia ndani ya siku 4 hadi 10. Ni mateso, ila kwa kijana mwenye afya anayepewa maji ya kutosha huua kwa nadra. Kinachoua kinamngoja nje. Siku chache bila unga zinatosha mwili kupoteza mazoea; akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inakata. Ndiyo maana wiki za kwanza baada ya kutoka jela au kituo cha kuacha uraibu ni za hatari mno.

Badala ya kufuli, ulizieni methadoni, dawa ya hospitali inayochukua nafasi ya heroini. Hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na dozi ikishapangwa vizuri huzuia arosto siku nzima bila kumlewesha. Wapo wanaobeza kwamba huko ni kubadili uraibu kwa uraibu. Waacheni wabeze, anayekunywa methadoni hatafuti mshipa wa kuchoma.

Baba amekunywa pombe kali kila siku kwa miaka. Anasema kesho anaacha.

Uamuzi mzuri, njia mbaya. Arosto ya pombe inaweza kuua. Mikono huanza kutetemeka saa chache tu baada ya glasi ya mwisho, degedege huweza kuja ndani ya saa 48, na kuweweseka kwa kuona visivyokuwepo huweza kufuata siku ya pili au ya tatu. Mpelekeni hospitali kabla hajaacha. Huko hupewa diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa dozi zinazopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Aliyezoea diazepamu yenyewe naye asiikatishe ghafla.

Mtu kazidisha unga, amelala anakoroma. Tummwagie maji?

Hapana. Wala maziwa, wala maji ya chumvi: vitaingia mapafuni. Mkoromo ule mzito wenye vituo virefu ni njia ya hewa inayoziba. Muiteni kwa sauti, msugueni kifua katikati kwa vifundo vya ngumi. Hashtuki? Tazameni mboni, zitakuwa ndogo kama ncha ya sindano. Kwa mtu mweusi msisubiri rangi ya bluu usoni. Funueni mdomo, ufizi utakuwa wa kijivu.

Mmoja aite gari la wagonjwa. Mwingine amlaze chali, ainue kidevu, abane pua na ampulizie pumzi moja kila sekunde 5. Mkiwa na naloksoni, dawa inayozima nguvu ya unga kwa muda, mpeni. Asipoanza kupumua baada ya dakika 2 au 3, rudieni. Akizinduka msimwache aende zake, hata akigombana nanyi, na atagombana, maana arosto humpanda papo hapo. Naloksoni huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 90, ilhali unga bado umo mwilini. Anaweza kuzama tena. Akipumua mwenyewe, mgeuzeni ubavu.

Bangi si mmea tu?

Tumbaku pia ni mmea. Ubongo hukomaa karibu na miaka 25, kwa hiyo anayeanza na miaka 14 anauvuruga ungali unajengwa. Kama kwenu kuna ndugu wa damu mwenye skizofrenia (ugonjwa mkali wa akili), usiiguse kabisa.

Tunachemsha sindano kabla ya kuchangia. Inatosha?

Bomba la plastiki hupinda na sindano hubaki na damu ndani. Kila mtu na yake, mpya, pamoja na kijiko, pamba na maji yake: virusi vya homa ya ini C hupita hata humo.