Masikio yanalia: mwambie daktari unavyolala, sio mlio tu

Mkuu umeuliza mlio wa masikioni unapimwaje, maana kipimo cha usikivu kimesema uko sawa na nyumbani wanaona unadeka. Pole sana, nimepita hapohapo. Mimi fundi wa kuchomelea, Tandale, miaka 11 na mashine ya kukatia chuma bila kuziba masikio, yote mawili yakaanza nziiii haikati. Mchana unasahau maana Dar kelele hazikosi, shughuli ni usiku. Nalala na feni, sasa umeme ukikatika saa nane inapunguza mwendo taratibu mpaka inasimama, chumba chote kinabaki na ile nziiii, hapo silali tena mpaka adhana ya alfajiri.

Hospitali ya kwanza wakanivalisha hedifoni wakatafuta sauti inayofanana na yangu, ikaja desibeli chache tu juu ya sauti ndogo kabisa ninayoisikia, nikaambiwa "mbona kadogo". Aisee iliniuma. Daktari mwingine ndio akanieleza ukubwa wa mlio na ukubwa wa mateso ni vitu viwili, kuna mtu analiwa maisha na kamlio kadogo. Akanipa dodoso la THI (Tinnitus Handicap Inventory, yaani la kupima mlio unavyokutesa maishani), lipo tangu 1996, maswali 25, kama unapata shida kulala, una hasira, unashindwa kusikia watu wakiongea. Ndiyo alama 4, mara nyingine 2, hapana 0. Jumla ikiishia 16 shida ni kidogo sana, kuanzia 58 ni kali, 78 kwenda juu ndio balaa lenyewe.

Kuna swali la kama mlio umekuvurugia uhusiano na ndugu na marafiki. Nilikaa nalo muda, maana wiki ileile nilimfokea mwanangu kwa kugonga sufuria na kijiko, mtoto wa miaka minne anacheza tu. Nikaandika ndiyo. Jumla 62.

Miezi mitano ya ushauri, vizibo vya masikio kazini na redio ya betri usiku sauti nimeiweka chini, nikajaza tena nikapata 44. Nziiii ileile wala haijapungua, ila nalala.

Kwa hiyo omba dodoso, likiwa la Kiingereza mwambie akusomee kwa Kiswahili pole pole, usijibu kiume. Ila kama mlio unadunda na mapigo ya moyo, au uko sikio moja tu, au usikivu umepotea ghafla, achana na dodoso kwanza, wahi kwa daktari wa masikio leo leo.