Maswali ya Nyumba: Sakafu Inayobonyea

SWALI: Nyumba yetu Kileleshwa ni ya zamani: kuta za mawe, na sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi. Sebuleni, karibu na ukuta wa jikoni, sakafu inabonyea ukiikanyaga. Fundi anataka kupiga plaiwudi juu yake, basi. Inatosha? *Msomaji, Kileleshwa*

JIBU: Haitoshi, na tunakusihi usimlipe mtu kwa kazi hiyo bado. Plaiwudi hubebwa na boriti. Boriti ikiwa mbovu, plaiwudi itazama nayo, na safari hii hutaona kinachoendelea chini.

Ng'oeni mbao mbili tatu mahali panapobonyea, muingie uvunguni na tochi. Kwa kuwa ni ukuta wa jikoni, wa kwanza kushukiwa ni bomba linalovuja. Chomeni kila boriti kwa bisibisi, hasa pale inapokaa juu ya nguzo au kuingia ukutani: mbao nzima hukataa, iliyooza humeza ncha. Kisha igongeni. Mchwa hula ndani na kuacha ganda jembamba, hivyo boriti inaweza kuonekana safi lakini ikalia kama debe tupu. Njia zao za udongo, nyembamba kama penseli, mtaziona zikipanda nguzoni. Kagueni pia matundu ya hewa kwenye msingi. Mara nyingi huzibwa na baraza jipya au udongo wa bustani, unyevu ukakosa pa kutokea. Yafungueni na kuyawekea wavu.

Bomba likishazibwa na mchwa kupigwa dawa, inueni boriti iliyozama. Tumieni jeki ya chupa juu ya ubao mpana ulionyooka, isididimie udongoni. Msizidi milimita 2 au 3 kwa siku. Mkiharakisha, plasta itapasuka na milango kukwama. Kabla ya kuteremsha boriti, vikeni kila nguzo kofia ya bati, kingo zikitokeza sentimita 5 na kukunjwa kuelekea chini. Haiui mchwa, ila huwalazimisha kujenga njia zao nje, ambako mtaziona. Pengo lililobaki lijazeni kwa vipande vya mbao ngumu. Makombo ya plaiwudi hupondeka.

Boriti iliyodhoofika lakini haijaoza yote huwekewa pacha: mbao ya kimo kilekile, tuseme inchi 6 kwa 2, iliyotiwa dawa na kukauka. Mbao mbichi ikinunuliwa leo na kufungwa leo hunywea milimita kadhaa, na kazi yote ya kusawazisha ikapotea. Pacha ianzie nguzo hadi nguzo. Ikishindikana, ipite sehemu mbovu kwa mita 1 kila upande. Fungeni kwa boliti za milimita 12 na washa pana, kila sentimita 40 hadi 60, zikipishana juu na chini. Misumari peke yake hulegea.

Usawa pimeni kwa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojazwa maji. Boriti iliyotokeza pigeni randa. Iliyo chini ongezeeni ukanda wa mbao kwa gundi na skrubu.

Mbao zenu za zamani zikiwa nzima, sisi tungezirudisha zenyewe, zikiwa zimeandikwa nambari kwa chaki. Plaiwudi ya milimita 18 ikipigwa juu yake itapandisha sakafu, na milango yote itahitaji kukatwa. Mkiiweka hata hivyo, upande mrefu ukatize boriti, viungo vipishane, mwachie milimita 3 kati ya karatasi na 10 ukutani. Skrubu za milimita 50 ziwe kila sentimita 15 pembeni, 30 katikati. Chumba cha futi 12 kwa 16 hula karatasi 6 za futi 8 kwa 4, nunueni 7.

SWALI: Sakafu yetu ya saruji imezama kona moja, kama sentimita 2. Tumwage saruji juu? *Msomaji, South C*

JIBU: Subirini kwanza. Huenda nyumba yenu imekaa juu ya udongo mweusi wa pamba, ambao hufura wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Wekeni alama ya penseli na tarehe kwenye ncha za kila ufa, mpime kiangazi na tena baada ya masika. Ufa ukisogea, mwiteni mhandisi aangalie msingi, na maji ya paa yapelekwe mbali na ukuta. Ukitulia, msitumie saruji na mchanga, kwani zikipunguzwa hadi unene wa karatasi pembeni hubanduka. Chukueni mchanganyiko wa kujisawazisha wa dukani, mpake kwanza dawa yake ya kushikisha, na mmwage kwa tabaka, kila moja kwa unene ulioandikwa kwenye mfuko.