Kwa nini alijipaka masizi

Mwanangu,

Picha uliyonitumia nimeipata, na swali lako pia: mtu ambaye tayari ni mweusi, kwa nini anajipaka weusi usoni? Umekasirika, wala sikulaumu.

Huyo ni Bert Williams, mchekeshaji wa jukwaani, mzaliwa wa Nassau, Bahamas, mwaka 1874, aliyekulia Marekani. Enzi zile Wazungu ndio waliojipaka masizi ya kizibo kilichochomwa, wakaigiza "watu weusi" wa kuchekwa. Watazamaji walishaizoea sura hiyo. Williams, mtu wa maji ya kunde na mpenda vitabu, akaikuta ndiyo inayouza tiketi, akaivaa. Hasira yako wapelekee wenye kumbi. Ila liko jambo linalonitatiza hata mimi: mwenyewe alisema ucheshi wake ulikuja pale alipoweza kujiona kama mtu mwingine.

Mwaka 1903 yeye na mwenzake George Walker walipeleka Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo New York, mchezo wa muziki wa waigizaji weusi pekee, *In Dahomey*, kisha wakauonyesha mpaka kwa mfalme, London. Walker akaugua, wakatengana. Mwaka 1910 Williams akaajiriwa na Ziegfeld, mwandaaji mkubwa wa maonyesho ya Broadway. Waigizaji weupe wakatishia kugoma, Ziegfeld akakataa kumwacha.

Sasa filamu. Mwaka 1916 alicheza *A Natural Born Gambler*, filamu bubu. Kuna kipande yuko mahabusu peke yake, hana karata hata moja. Anachanga hewa, anawagawia wenzake wa kufikirika, anachungulia zake, anapandisha dau kwa madaha. Mara uso unamporomoka: ameliwa, na waliomla hawapo! Neno hakuna, na huhitaji.

Kabla ya hapo, 1913, alicheza nyingine ambayo haikumalizwa. Mikanda yake ilikaa ghalani miaka na miaka, hadi jumba la makumbusho la MoMA, New York, lilipoionyesha 2014. Humo waigizaji weusi wamejaa na wamependeza, masizi anayo yeye tu, na bado ndiye anayempata msichana na kumbusu.

Februari 1922 alianguka jukwaani Detroit, watu wakacheka wakidhani ni mchezo. Alifariki Machi 4, akiwa na miaka 47.

Ile ya 1916 ni fupi, ipo mtandaoni bure. Itazame, halafu upige simu tubishane vizuri.

Baba yako