Bomu liko kwenye buti, mbuzi wanavuka barabara

SWALI: Mzee wa Kibanda, shikamoo. Mimi na wenzangu hapa Morogoro tumetengeneza filamu ya dakika 40. Inaanza na bodaboda zinafukuzana, risasi zinalia, na watu watatu wanakufa kabla ya dakika ya pili kuisha. Tulipoionyesha nyumbani, watu wakawa wanachezea simu. Shangazi yangu akauliza chai iko wapi. Tumekosea wapi? Au tuongeze muziki wa kutisha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shangazi hana kosa. Hao watatu mmewaua kabla hajawajua. Msiba wa mtu usiyemjua ukikutana nao njiani unapunguza sauti ya redio, unapita, basi.

Nikusimulie ya kwangu. Miaka ya 90 nilikuwa na kibanda umiza Magomeni: televisheni moja, deki moja, mabenchi manne. Siku moja deki ikala kanda ya karate ambayo watu walishalipia kiingilio. Iliyobaki karibu ilikuwa Touch of Evil, picha iliyoongozwa na Orson Welles, ya mwaka 1958, tena nyeusi na nyeupe. Nikaiweka. Walinizomea mpaka nikatamani kuwarudishia hela.

Zomeazomea haikumaliza dakika. Picha inaanza na mikono imeshika bomu, inategesha saa yake, dakika kama tatu hivi. Mtu anakimbia gizani, analitumbukiza kwenye buti la gari, anatokomea. Mzee mmoja na binti wanatoka klabu wakicheka, wanaingia kwenye gari hilo hilo, wanaondoka. Kuanzia hapo ni mambo ya kawaida tu. Trafiki anasimamisha magari. Mbuzi wanaziba barabara. Maharusi wawili, Charlton Heston na Janet Leigh, wanatembea kwa miguu. Mara gari linawapita, mara wao wanalipita. Wote wanafika mpakani, kati ya Mexico na Marekani, na askari anaanza kupiga soga na maharusi. Yule binti garini analalamika kwamba anasikia kitu kinagonga tiki-tiki kichwani mwake. Hakuna anayemjali.

Hapo ndipo alipoingia kijana muuza karanga. Mwanzo ulikuwa umempita. Akakaa, akatazama kioo kile kile walichokuwa wanatazama wenzake, akasema kwa sauti, "Sasa hii nayo picha? Watu wanatembea tu!" Wa pembeni yake akamnong'oneza: "Bomu liko kwenye buti." Nilimwona mkono wake umebaki ndani ya kapu la karanga, hautoki.

Kwenye kioo hakikuongezeka kitu. Mbuzi walikuwa wale wale. Alichoongezewa ni habari moja tu. Alfred Hitchcock, mwongozaji maarufu wa filamu za taharuki, alikuwa akilieleza hili kwa mfano wa bomu chini ya meza: likilipuka bila mtazamaji kujua, umempa mshtuko wa sekunde 15, akijua lipo, umempa taharuki ya dakika 15, hata kama waliokaa mezani wanaongea upuuzi mtupu. Ninyi mmetoa mshtuko mara tatu mfululizo. Wa tatu nadhani haukumshtua hata paka.

Kuna ufundi mwingine pale ambao sikuuona siku ile. Zile dakika tatu na ushei ni shoti moja. Kamera iko kwenye kreni, inapanda juu ya mapaa, inashuka mtaani, inarudi nyuma huku gari linaifuata, na haikatwi mpaka bomu limelipuka. Mhariri akikata, anaweza kuruka muda, na mtazamaji analijua hilo hata kama hajawahi kuingia chumba cha uhariri. Asipokata, saa ya bomu na saa ya mkononi mwako zinakwenda pamoja. Wewe huna kreni, najua. Tembea na kamera begani nyuma ya hiyo bodaboda, utapata nusu ya faida hiyo.

Sasa muziki. Studio, yaani kampuni iliyotoa picha hiyo, ilibandika juu ya shoti ile majina ya waigizaji na muziki wa Henry Mancini. Ni muziki mtamu, mimi bado naupenda. Lakini Welles hakutaka hivyo, akaiandikia studio waraka wa kurasa 58 kuhusu filamu nzima. Alifariki mwaka 1985 bila kuona ukifuatwa kikamilifu. Mwaka 1998 mhariri wa filamu Walter Murch aliihariri upya kwa kuufuata: majina yakaondoka, zikabaki kelele za mtaa, muziki wa vilabu, na redio ya lile gari. Wimbo wa redio ukisogea, bomu linasogea. Ukififia, unapumua kidogo. Unataka muziki gani wa kutisha zaidi ya huo?

Kwa hiyo bodaboda ibaki. Ila kabla haijawashwa, tuone mkono unakata waya wa breki. Kisha aje mama na mtoto, wapatane nauli na dereva, wasumbuane kuhusu chenji, mtoto agome kuvaa helmeti. Dereva awe na kiredio chake. Huko mbele tuonyeshwe mteremko mapema, wala msiuharakie.

Mkimaliza, mwonyesheni shangazi yule yule. Chai apewe kabla haijaanza.