Gegedu si la kukariri: kwa mnaoanza mwaka wa kwanza

Nilipoanza kusomea fiziotherapia nilichora jedwali la aina tatu za gegedu (ile tishu ngumu lakini inayonyumbulika, iliyo kwenye ncha za mifupa, puani na masikioni), nikalibandika ukutani juu ya kitanda na kulikariri wiki nzima. Siku ya mtihani wa mdomo mwalimu hakuuliza aina hata moja. Aliniwekea mfupa mkononi, akagusa ile ncha nyeupe na kuuliza, "Hili linakula nini?" Nilibaki nimemkodolea macho.

Basi wadogo zangu, anzieni hapo. Gegedu halina neva, na kwa kawaida halina mishipa ya damu. Seli zake, kondrosaiti, zimejificha kwenye vijishimo, moja moja au vikundi vidogo. Kinachozizunguka ni nyuzi za kolajeni, protini zilizobeba sukari zinazovuta maji, na maji yenyewe, ambayo katika gegedu la kiungo hufika asilimia 65 hadi 80 ya uzito wote. Chakula husafiri taratibu kupitia maji hayo. Sehemu nyingi kinatoka kwenye perikondria, utando wenye damu unaolifunika gegedu kwa nje. Lakini gegedu la kwenye ncha za mifupa halina utando huo, linategemea ute wa kiungo. Ukikanyaga, maji yanakamuliwa; ukinyanyua mguu, yanarudi na chakula. Fikiria dodoki la kuogea. Kiungo kisichotembezwa ni dodoki lisilokamuliwa.

Sasa fungeni daftari mwende buchani. Mwambie muuzaji akupe goti zima la mbuzi, asilipige shoka. Likate ukiwa nyumbani. Ule weupe wenye usamawati kwa mbali, unaoteleza kidoleni, ndio haialini, aina ya kwanza ya gegedu. Kwa binadamu unene wake kwenye viungo vikubwa ni kama milimita 2 hadi 4, na nyuma ya pia ya goti huzidi hapo. Katikati ya mifupa utaona vipande viwili vya umbo la mwezi mwandamo, vigumu, vya nyuzinyuzi. Hizo ni meniski, na hiyo ni aina nyingine, gegedu-nyuzi, lililojaa kolajeni ya kukinza mvuto na mgandamizo. Diski za uti wa mgongo na kile kiungio cha mbele ya nyonga ni ukoo huohuo. Ukipata na sikio la mbuzi, likunje uliachie: linarudi lenyewe, kwa sababu ya nyuzi za elastini. Kwa jaribio hilo moja hutahitaji jedwali.

Kwenye aina hii ya tatu, gegedu la elastini, kuna mtego wa lugha. Kidakatonge cha vitabuni ni kile kifuniko cha gegedu kinachoziba njia ya hewa ukimeza. Lakini wengi mtaani wakisema kidakatonge wanamaanisha kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, ambacho hakina gegedu lolote. Mgonjwa akilitaja, mwombe akuonyeshe.

Haialini mtaikuta kwingi: puani, kwenye ncha za mbavu, kwenye pete 16 hadi 20 za bomba la hewa. Pete hizo zina umbo la C, na uwazi wake umeelekea nyuma, kwenye umio. Ila msiipite haraka ile ya kwenye mifupa ya watoto. Mfupa mrefu hurefuka kwenye bamba la gegedu karibu na ncha, kwa hiyo mtoto aliyevunjika hapo afuatiliwe hata akionekana amepona.

Mwaka 1743 mwanaanatomia William Hunter aliandika kule London kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Leo yapo matibabu ya kujaribu kulifufua, lakini kwa mtu mzima kauli hiyo bado ina uzito. Meniski ina unafuu kidogo: ukingo wake wa nje hupata damu, hivyo mchaniko wa pale una nafasi ya kuunga kuliko wa ndani.

Mimi nilimeza kauli ya Hunter nikaitapika vibaya. Mzee mmoja alikuja akasema mafuta ya magoti yameisha. Nikatazama picha ya eksirei, nikaona nafasi kati ya mifupa imepungua (gegedu lenyewe halionekani kwenye eksirei, ile nafasi ndiyo gegedu), nikamwambia, "Mzee, mifupa inasagana." Akaacha kwenda shamba kabisa. Aliporudi baada ya miezi kadhaa mapaja yalikuwa yamesinyaa na maumivu yamezidi.

Sasa mtu akiniambia mafuta yameisha simbishii. Namvutia kiti, namwomba akae na kusimama mara tano bila kujishika kwa mikono, halafu namuuliza kutoka kwake hadi kisimani ni mbali kiasi gani. Ratiba yake ya mazoezi naianzia hapo.